Mkaguzi wa Mlangoni na Fundi wa Nyusi

Watu wa jengo lile la ofisi walimwita Mama Fungua, kwa kuwa hilo ndilo neno lililokuwa likimtoka kutwa nzima pale mlangoni: fungua mkoba, fungua mfuko, fungua na hicho. Mkurugenzi hakupita bila kufungua. Nyumbani nako hakuwa tofauti. Maziwa aliyanusa hata kama ameyachemsha mwenyewe, na mumewe akisema amecheleweshwa na mvua, alimpapasa kwanza mabega ya koti.

Shida yake ilikuwa nyusi. Tangu usichana alizinyoa kwa wembe, na mwishowe zikasusa kuota. Kila asubuhi alijichora kwa wanja, akavaa kofia ya kazi. Jua likipanda, jasho linashuka. Siku moja dereva wa ofisi alimkazia macho wakati anapekuliwa, akasema, "Mama Fungua, mbona unyusi mmoja umetoroka zamu?" Foleni nzima ilicheka. Yeye pia alicheka, kisha akaenda chooni, akakaa humo mpaka mwenzake alipokuja kumgongea.

Wifi yake, dada wa mumewe, ndiye aliyeleta habari za fundi wa nyusi za kuchanja, zinazotiwa rangi ndani ya ngozi. Wifi mwenyewe alikuwa nazo tayari. "Zinakaa mwaka, hata miwili. Unaoga nazo, unalala nazo."

"Hebu toka juani." Mama Fungua alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Mbona huku mwanzoni pana rangi ya kutu?"

"Zinapauka, wifi. Ndiyo maana unarudi kuongezewa rangi."

"Na zikiharibika?"

"Unakaa nazo hivyo hivyo mpaka zipauke," wifi alisema, akatazama pembeni.

Kule kutazama pembeni Mama Fungua alikuweka akilini. Lakini kicheko cha foleni kilikuwa bado masikioni, na siku yake ya mapumziko ilipofika akafuatana naye.

Saluni ilikuwa ghorofani, nyuma ya duka la vioo: chumba kidogo, kitanda chembamba kilichotandikwa karatasi mpya, taa yenye mkono mrefu. Ukutani palijaa picha za nyuso. Mama Fungua alizipitia moja moja, mikono nyuma.

"Hawa wote ngozi bado nyekundu," alisema. "Umewapiga picha siku hiyo hiyo. Waliopona wako wapi?"

Fundi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alicheka. "Mmoja ndiye aliyekuleta."

"Huyu ni wifi yangu. Si ushahidi."

Fundi akatoa simu, akamwonyesha nyusi za mwezi, nyusi za mwaka. Nyingine zimekaa vizuri, nyingine zimechujuka. Mama Fungua akataka kuona sindano. Akapewa pakiti iliyofungwa, akasoma tarehe, akaibonyeza sikioni asikie kama inavuja hewa.

"Umemaliza?" fundi aliuliza kwa upole. "Sasa zamu yangu. Una mimba?"

"Kwa umri huu? Labda ya mawazo."

"Sukari? Dawa za kufanya damu iwe nyepesi?"

"Sina."

"Kovu lolote lililowahi kuvimba?"

"Sina. Sina kabisa. Ngozi yangu nzuri tu, kwetu wote ngozi zetu nzuri."

Alijisikia mwenyewe. Pale mlangoni, mtu anayeongeza maneno namna hiyo ndiye anayeambiwa asogee kando.

Fundi akachukua kijiti cha pamba chenye tone la rangi. "Leo sichanji. Napaka tone nyuma ya sikio, halafu tusubiri tuone kama ngozi itaikataa. Vua kilemba."

"Paka mkononi."

"Nyuma ya sikio, mama."

"Sikio langu unalitakia nini?"

Wifi akaangua kicheko. "Leo umepatikana! Fungua, Mama Fungua!"

Akafungua, kwa hasira. Kwenye ndewe ya sikio la kushoto, pale alipotobolewa atiwe hereni, kovu lilikuwa limeota nyama, gumu, linang'aa, kubwa kama punje ya hindi. Mumewe peke yake ndiye aliyelijua. Kicheko cha wifi kikakatika.

Fundi aliligusa kwa kidole chenye glovu, akaweka kijiti chini. "Sikuchanji. Kazi hii ni kukata ngozi mikato midogo midogo na kutia rangi. Ngozi yako ikiota hivi juu ya macho, utaifunika na nini? Nenda kwa daktari wa ngozi. Akiridhia, rudi."

"Sema tu nimekuchosha na maswali."

"Umenichosha, ndiyo. Lakini ninachokataa ni kovu."

Alitoka akiwa na hakika wamepanga, wifi na fundi wake, waje kumwaibisha. Mwisho wa ushoroba kulikuwa na mlango mwingine wenye picha za nyusi. Akauelekea.

Wifi akamshika mkono. "Wifi, hapa tusiingie."

"Ehee! Unataka nirudi hivi hivi, upate la kusimulia."

Msichana wa humo alimpokea kwa bashasha. "Kaa mama, mara moja tu, wala hutasikia." Akampaka krimu ya ganzi. Mama Fungua alisubiri maswali. Hayakuja.

"Huniulizi kitu?"

"Nikuulize nini? Nyembamba au nene?"

"Nina kovu lililovimba sikioni."

"Aa, nani hana kovu?" Msichana akachomoa sindano kwenye kopo la vitana.

Paji la uso lilikuwa limeanza kufa ganzi. Mama Fungua alilitazama lile kopo, akashuka kitini, akajifuta kwa ncha ya kilemba, akatoka bila kuaga.

Kwenye ngazi wifi alisema taratibu, "Namjua daktari mmoja wa ngozi."

Mama Fungua akasimama. "Wewe kwa daktari wa ngozi ulifuata nini?"

Wifi akatazama viatu vyake. "Mara ya kwanza nilichanjwa pale tulipotoka sasa hivi. Zikatoa usaha. Ile wiki niliyosema naumwa macho, msije nisiwaambukize, ndiyo hiyo. Daktari akanitibu, nilipopona ndipo yule fundi mnene akanirekebishia."

"Na umenyamaza ukiniona nakaa kwenye kile kiti?"

"Si nilikwambia tusiingie? Ningesema zaidi ungeniamini?"

Mama Fungua alifikiri. Paji lilikuwa bado na ganzi, hata hakujua kama amelikunja.

"Nisingekuamini," alisema. "Huyo daktari yuko wapi?"