Mbegu za Ini

Kuuguza kunachosha, lakini kutumaini kunachosha zaidi. Mgonjwa unaweza kumwosha, ukamgeuza, ukamfulia shuka, kisha ukaenda zako kujinyoosha. Matumaini hayakupi nafasi hiyo. Unaamka nayo kabla hujanawa uso, na ukiingia jikoni unayakuta yamekutangulia.

Kaka yangu aliugua ini. Tulipokuja kujua, lilikuwa limeshasinyaa na kuwa gumu, kazi ya kirusi cha homa ya ini alichokaa nacho miaka mingi bila habari. Macho yaligeuka manjano, miguu ikavimba, tumbo likawa linajaa maji. Tunampeleka hospitali wanayatoa, akirudi nyumbani linajaa tena. Na hapa Bagamoyo mtu akiumwa ini, watu wanawatazama kwa jicho la pembeni kana kwamba mnaficha chupa uvunguni. Kaka hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Mwanzoni nilikuwa nawaeleza majirani mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba. Baadaye nikachoka, nikawaacha wawaze wanavyotaka.

Mimi ni fundi cherehani. Wifi yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wake wako mbali kwenye kazi zao, kwa hiyo nikaihamishia cherehani barazani kwa kaka. Nikawa nashona sare za shule huku sikio moja liko chumbani.

Habari ya mbegu ililetwa na baba yetu mdogo. Alikuwa ameonyeshwa kwenye simu video ya hospitali moja ya nje ya nchi. Wanamchoma mgonjwa sindano mfupani, wanavuta uboho, wanachambua humo seli changa, zile zinazoitwa seli shina, kisha wanazirudisha mwilini mwake ziende kwenye ini zikaote upya. Kuna mzee humo kwenye video aliingia amebebwa akatoka anatembea. Baba mdogo ni mkulima wa Miono. Maelezo yote yale aliyapokea kwa neno moja tu, mbegu, na tangu siku hiyo ukoo mzima ukawa unasema mbegu. Mtu akija kumjulia hali kaka, kabla hajakaa vizuri anauliza, "Na mbegu anakwenda kupandikizwa lini?"

Wakala wa safari akapatikana. Pasipoti ikaanza kushughulikiwa, na shamba la urithi kule Miono likaanza kutafutiwa mnunuzi. Kaka naye akaanza kula. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Mtu aliyekuwa anasukuma sahani sasa anakomba bakuli la uji, anataka anyolewe ndevu, anauliza kama nitamshonea koti la kuvaa huko ng'ambo au atanunuliwa hukohuko. Nilikuwa namjibu huku namtazama mikono, imebaki ngozi na mishipa, nikawa sijui nifurahi au nifanye nini.

Wakala alitaka vipimo vipya, tukaenda kwa daktari bingwa Dar es Salaam. Tulikwenda watatu, kaka, mimi na binamu yetu, mtoto wa shangazi, anayeziba pancha za malori pale Msata. Daktari alisoma vipimo, akaviweka chini, akaomba azungumze na mwanamume wa familia. Binamu akaingia. Mimi nikabaki kwenye benchi na kaka, nampepea kwa bahasha. Binamu alipotoka alisema tutazungumza nyumbani.

Sasa huyu binamu ni lazima nimweleze. Kwetu sisi Wakwere, binamu ni mtani wako, na utani wa hawa wawili haukuwa wa kawaida. Tangu wakiwa wadogo hawajawahi kusalimiana kama watu. Kaka ndiye mkubwa, alistahili shikamoo, lakini binamu akifika mlangoni anauliza, "Hivi hujafa tu? Wenzako tumeshaandaa sanda." Kaka naye anamwambia matairi ya Msata hayapasuki kwa misumari, yanapasuka kwa kuiona sura yake. Na mbele ya mgonjwa kwetu kifo hakitajwi hata kwa mbali. Mwenye ruhusa hiyo ni mtani peke yake.

Kikao kikafanyika chumbani kwa kaka, kwa sababu kaka mwenyewe alitaka asikie. Baba mdogo akamwambia binamu aseme daktari alisemaje. Binamu akamtazama kaka kitandani, akatutazama na sisi. Kisha akasema, "Huyu haendi popote. Mbegu gani zitaota kwenye ini la namna hii? Watamdunga sindano, watakula shamba letu, halafu watamrudisha kwenye sanduku. Mwacheni afie hapahapa, mimi nirithi redio yake."

Tulicheka sana. Kaka ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka akashika tumbo. Mimi nilikuwa nagawa kahawa, nikamwaga.

"Nasema kweli," binamu akasema.

Tukazidi kucheka, maana hakuna mtani asiyesema hivyo. Baba mdogo akajifuta machozi akasema haya, tuzungumze ya maana sasa, na ya maana yakawa ni tiketi, habari ya daktari ikasahaulika hapohapo. Binamu akavaa kandambili zake akaondoka. Nilimkasirikia kwa kutukimbia kazi, maana baada ya hapo hakuonekana wiki kadhaa, na mimi nilikuwa nambeba kaka peke yangu kumpeleka msalani.

Alirudi siku ya Ijumaa, baada ya sala. Wakala alikuwa amepiga simu asubuhi kusema pasipoti imetoka. Nilikuwa barazani nabana pindo la sketi, nikamwona anakuja amevaa kanzu, yeye ambaye nimezoea kumwona na grisi mpaka masikioni. Akavua viatu. Akapiga hodi, kitu ambacho hakuwahi kufanya katika nyumba ile. Nikamfuata nyuma, mshono bado uko mkononi.

Alisimama karibu na kitanda, mikono ameikutanisha mbele.

"Shikamoo, kaka."

Kaka alikuwa ameshafungua mdomo kumtukana. Nililiona tusi likiwa tayari kabisa usoni mwake. Kisha uso ukabadilika taratibu, akamtazama binamu kanzu yake, akamtazama miguu peku.

"Marahaba," akasema.

Nje muuza samaki alikuwa ananadi changu, na nakumbuka nilitamani anyamaze.

"Daktari alisema nini?" kaka akauliza.

Binamu akamwambia, safari hii bila kupindisha. Kwamba haya mambo ya seli bado wataalamu wanayajaribu, na hakuna anayeweza kumhakikishia mtu kuwa yanaliponya ini lililofikia hapo. Kwamba kuna mambo yaliyoonekana kwenye video ambayo daktari hayajui na hawezi kuyasemea. Kwamba mwili wake hautahimili safari, anaweza kuishia njiani, mikononi mwa watu asiowajua. Daktari alisema akae nyumbani, atolewe maji yakijaa, apewe dawa ya maumivu, na awe na watu wake.

"Na wewe umekaa na maneno haya muda wote huu?"

"Nilikwambia, kaka," binamu akasema. "Nilikwambia mbele ya wote. Mkacheka."

Kaka akafumba macho. Nikadhani amekasirika. Lakini akanyoosha mkono akashika pindo la kanzu ya binamu, akalivuta mpaka binamu akakaa kitandani kando yake.

"Mwambieni baba mdogo asiuze shamba," akasema. Kisha akafumbua macho akanitazama mimi pale mlangoni. "Na wewe mdogo wangu, weka chini hiyo sketi. Njoo ukae."

Nikaiweka, nikaenda kukaa miguuni pake. Nililia mpaka kichwa kikauma, na katikati ya kilio nikahisi mabega yanashuka na mgongo unalegea. Kaka yangu alikuwa anakufa, na mwili wangu, bila kuniomba ruhusa, ulikuwa unapumzika.