Ndoo Zilizotakiwa Kulala Njaa

Mama yangu ana kibanja cha migomba huko Izigo ambacho wapita njia husimama kukitazama. Migomba imeshiba samadi na kufunikwa nyasi za rweya, ile mbuga ya nje ya kijiji, na hata mbuni mzee wa kahawa uliopinda kando ya choo una majani ya kung'aa. Kwa mtu kama huyo ndiko nilikopeleka ndoo za mpunga, nikamwambia baadhi yake azinyime chakula.

Nilikuwa namalizia shahada yangu ya kilimo. Udongo niliuchota kwenye bonde moja la mbali linalopitiwa na maji ya machimbo ya zamani, nao ulikuwa na arseniki. Mpunga una tabia mbaya: ukisimama majini huinyonya sumu hiyo pamoja na chakula chake, na kwenye wali huioni wala huionji. Nilitaka kujua ni mbolea ipi inaizuia na ipi inaifungulia mlango. Kila ndoo niliifunga kitambaa cha rangi ya kuitambulisha: za kitambaa cheupe nilizitilia majivu ya pumba za mpunga, za bluu nikazitilia fosfati. Nyekundu hazikupata kitu, ili niwe na cha kulinganishia. Msimamizi wangu chuoni alishasema msimu ni huo mmoja tu.

Nilipanga chumba kata ya Bakoba, mjini, karibu na shule niliyokuwa nikifundisha, hivyo siku za kazi Mama ndiye aliyemwagilia. Jumamosi moja nilifika nikakuta mpunga wa vitambaa vyekundu umekolea kijani kuliko yote. Niliinama nikanusa. Samadi.

Nilipandwa na hasira. Nilimuuliza kama anajua amefanya nini. Alikuwa akimenya ndizi, na hakuacha kumenya. Alinieleza kwamba wanawake wenzake wa jumuiya walipita wakienda kusali, wakaucheka ule mpunga wa njano na kumuuliza kama siku hizi ng'ombe wake hawanyi.

"Waitu mwanangu, siwezi kuwalisha hawa nikawaacha wale walale njaa mlangoni pangu," alisema. "Sikulelewa hivyo."

Nilitamani kupiga kelele, na kidogo nilitamani kucheka, ila muda wenyewe haukuwapo. Nilikwenda kitaluni ambako miche michache ilibaki, nikajaza udongo wa akiba kwenye ndoo mpya, nikafunga vitambaa vyekundu upya. Zile za samadi nikazifunga vya kijani. Maadamu zimeshakula, nazo nitazipima. Miche mipya ingechelewa nyuma ya wenzake, na kasoro hiyo ningeieleza kama ilivyo, lakini msimu huo nilikusudia kuumaliza.

Mama aliahidi kutozigusa, na kwa kweli ahadi hiyo ilimtesa. Alihamishia kigoda chake upande wa pili wa nyumba asizione. Wenzake walipomtania tena, aliwajibu kwamba hao ni wagonjwa wa mwanawe na wana daktari wao.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya mavuno. Majivu yalisaidia, punje zake zilikuwa na arseniki kidogo kuliko zote. Zilizokuwa nayo nyingi zaidi ni za vitambaa vya kijani, zile nene alizojivunia kwa majirani. Nilimweleza jikoni, taratibu, kwamba sumu haikutoka kwa ng'ombe wake. Ilikuwamo udongoni tangu mwanzo, ila samadi ikioza kwenye maji yaliyotuama huilegeza ikaingia mizizini. Migomba yake haikuwa na tatizo hilo, kwa kuwa kibanja si jaruba la maji na udongo wake si ule.

Nilidhani ameumia, nami nikaumia kwa ajili yake, nikaanza kumtuliza. Akanikatiza.

"Na watu wa bonde ulikochota udongo, wanaweka samadi?"

Nilimwambia wanaweka, tena wale wachapakazi ndio wanaoweka nyingi, na wali huo ndio wanaowapakulia watoto wao.

Alinawa mikono, akaingia chumbani, akatoka na kitenge chake cha safari akakitundika kwenye kiti.

"Kesho tunakwenda," alisema. "Wewe utawaambia ya maabara. Mimi nitawaambia kwamba mpunga wangu ndio uliopendeza kuliko yote."