Kupoza si Kugandisha

Sijawahi kulisamehe neno "kugandisha." Nilitumikia ofisi ya serikali hapa Njombe hadi kustaafu, na barua iliyobeba neno lisilo lake niliirudisha kwa mwandishi wake. Neno hili liliniponyoka kwa sababu lilisemwa kwa mdomo.

Mjukuu wangu alizaliwa na tundu moyoni. Ilipoamuliwa apelekwe Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji, mhudumu mmoja wa zahanati alimweleza binti yangu, mama wa mtoto, kwamba madaktari wangeugandisha moyo kwanza. Binti yangu analima viazi kijijini Yakobi. Anajua shamba linavyokuwa asubuhi umande ukiganda: majani meusi, kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Akaikataa safari.

"Baba," aliniambia huku akimvisha mtoto kofia ya sufu, "viazi vikishaganda hatuvisubiri vipone."

Neno lile liliniudhi kuliko kukataa kwake. Daktari wa moyo alikuwa akija Makambako kwa kliniki ya siku moja, basi tukaenda sote watatu. Nilimtaka anieleze, kwa Kiswahili kinachowajibika, ni nini hasa kingefanyika.

"Hatugandishi, mzee. Tunapoza," alisema. Mashine hushika kazi ya kusukuma damu. Dawa baridi huingizwa kwenye mishipa ya moyo, nao hutulia. Ukitulia hivyo huhitaji oksijeni kidogo tu. Nikauliza kwa nini basi wasichukue dawa ya watu wazima na kuipunguza. Alitabasamu; swali hilo, alisema, liliwasumbua na wao. Moyo mchanga si moyo mkubwa uliopunguzwa: misuli yake bado haijaweza kuidhibiti vyema kalsiamu inayoikaza, na damu ikirudi kwa kishindo yaweza kuujeruhi. Kwa hiyo dawa huchaguliwa kwa ajili yake, na damu hurejeshwa taratibu.

Mimi ningeuliza hadi jioni. Binti yangu aliuliza moja tu: "Nani anauamsha?"

"Ukipata joto na damu, mara nyingi huanza wenyewe. Usipoanza, tunausaidia. Siwezi kukuahidi zaidi ya hapo."

Alikubali, nadhani, kwa sababu ya sentensi hiyo ya mwisho.

Moyo ulianza wenyewe. Nesi wa Dar es Salaam alipoiona kofia ya sufu katika joto lile, alitania kwamba watu wa Njombe husafiri na baridi yao. Binti yangu alimvisha mtoto hata hivyo.

"Mmeshampoza vya kutosha," alisema.