Suruali ya Mume Wangu Mkarafuuni

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini mjukuu wangu yuko sekondari na vitabu anavila kama mihogo. Hilo namwambia kila mtu, hata asiyeuliza.

Siku hiyo mimi na yeye tulikaa uani tunachambua karafuu, zenyewe huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Akanambia Ijumaa atasoma insha yake mbele ya wazazi shuleni, habari za mwanamke wa Kifaransa wa zamani, mtunzi wa riwaya. Baba yake, mwanangu huyo, kamkataza.

"Bibi, ukisema wewe atasikia."

"Kwani huyo mwanamke kafanya nini?"

"Alivaa suruali."

"Chumbani kwake?"

"Mjini, Bibi. Na sigara akivuta. Alimwacha mumewe, akajipa jina la kiume, akalitia kwenye vitabu vyake."

Astaghfirullah. Mikono ilinipotea. Nilipotazama chini, makonyo nimeyatia kwenye karafuu na karafuu kwenye makonyo, kazi ya asubuhi nzima imechanganyika.

"Baba yako kafanya vyema," nikasema. "Suruali ya nini, mwanamke mzima?"

"Nguo za kike zilimzuia kutembea kwenye matope. Na akiandika ili alishe wanawe."

Nikaanza kuchambua upya. Sikupenda nilichokikumbuka.

Mwaka mmoja, mwanangu angali mchanga, mume wangu alishikwa na homa, na karafuu zinaiva, zikipitiliza ndiyo basi. Nilivaa suruali yake, nikafunga kanga juu yake, nikapanda hadi kileleni, wanaume wanapopanda. Jirani alipopita nikajibanza kwenye majani kama nyani. Magunia yakapelekwa kuuzwa kwa jina la mume wangu, na mtaa mzima ukamsifu: mgonjwa, lakini mchumaji.

Alasiri mwanangu akaja.

"Mama, mkanye huyu. Mwanamke kavaa suruali, ndiyo habari ya kusoma mbele za watu?"

"Ile suruali ya babako iliyochanika magotini unaikumbuka?"

"Naikumbuka. Mliniambia ilimchanikia akichuma."

"Babako alikuwa kitandani. Aliyechuma ni mimi, na wewe umelazwa chini ya mkarafuu unalilia ziwa."

Mwanangu alinitazama kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imejengwa juu ya kaburi. Mjukuu wangu naye kaacha mdomo wazi, konyo mkononi.

Baba mtu akavaa makubadhi yake. Alipofika mlangoni akageuka kwa bintiye.

"Hiyo insha utakayosoma Ijumaa kurasa ngapi?"