Menyu Iko Stoo

Kijiji kizima hufunga mikahawa ya ufukweni baridi ikiingia, isipokuwa Bi Tonka. Siku moja bura, ule upepo mkali wa baridi, ulikuwa ukitikisa madirisha na wazee wa kijiji wamezunguka jiko, alipoingia mgeni kutoka mji mkuu, Zagreb, meno yakigongana, akaomba menyu.

"Menyu iko stoo na miavuli mpaka kiangazi," Bi Tonka alimjibu. "Sasa hivi unakula tunachokula sisi. Mzee Frane, hebu sogea huko, naye akae karibu na jiko."

Mgeni alikula mchuzi wa samaki mkavu na viazi mpaka akafuta sahani kwa mkate.

"Pazuri hapa, mama," alisema. "Ila pamepooza. Hakuna watu."

Bi Tonka akashika kiuno.

"Hakuna watu? Watu ndio sisi, mwanangu! Wale watalii wa kiangazi, wa Agosti, ni wateja. Haya, lete sahani nikuongeze."