Kopo la Asali Kando ya Mtungi

Daktari alimwamkia mama shikamoo kwanza, kwa heshima zote, halafu akamwambia mguu wake ukatwe.

Tulikuwa tumetoka Itigi alfajiri. Mguu wenyewe ulichomwa mwiba shambani miaka mingi nyuma, ukavimba, ukatoboka, ukaanza kutoa punje nyeusi kama ulezi. Ni fangasi, walituambia, wameingia mpaka ndani ya nyama. Miezi minne mama alikuwa anameza kapsuli za kuwaua, na sasa daktari anasema zimeshindwa. Akanigeukia mimi, akauliza kwa upole kama mama anazimeza kweli, maana wazee wengine huzificha.

Hapo alinigusa pabaya. Mimi ni muuza asali, nahesabu kila kitu mara mbili, hata vizibo. Nikamweleza kwamba kila mwezi tukipewa dawa nazibandua zote kwenye karatasi zake za bati, kapsuli mia na kumi na mbili, nazimimina kwenye kopo la asali lililooshwa, na kila Ijumaa nahesabu zilizobaki. Nne kwa siku. Haijawahi kupungua wala kuzidi hata moja. Nikatoa kopo mkobani nikaliweka mezani, liwe shahidi.

Mama akamwambia daktari, bila kupaza sauti, "Mwanangu, nimemeza dawa yako na ugali kila siku. Ukitaka kukata, anza na ulimi wa anayesema sijameza."

Daktari akaona bora amwite mfamasia. Akaja dada mmoja mwembamba, akachukua kopo. Hakuhesabu. Alifungua kapsuli moja tu juu ya karatasi. Ndani, alisema, panatakiwa pawe na vijipunje vinavyotiririka kama mtama. Vya kwetu vilitoka vimeshikana donge. Akauliza kopo linakaa wapi.

Nikajibu kwa majivuno: nyumbani kwangu, kando ya mtungi wa maji. Chini ya bati kwetu joto ni la kukaangia karanga, na hapo mtungini ndipo penye ubaridi kuliko pote. Hata samli tunaiweka hapo.

"Asali ikiganda," akauliza, "si bado ni asali?"

Nikamwambia ni ileile, na nimegombana na wateja wengi wanaodai nimetia sukari.

"Dawa hii ikiganda, si dawa tena."

Akaeleza kwamba yenyewe haipatani na maji. Kwa hiyo kiwandani huitawanya ndani ya kitu kama utomvu mkavu, kila chembe mbali na mwenzake, ili ikifika tumboni iyeyuke. Utomvu ule ukinywa unyevu hulainika, na chembe hutafutana, zikaganda upya. Zikishaganda hupita tumboni kama changarawe. Karatasi ya bati niliyokuwa naichana ndiyo iliyokuwa inazuia unyevu wa mtungi. Hana hakika kama ndiyo sababu pekee, alisema, lakini yeye asingekata mguu kabla ya kujua.

Miezi minne nimehesabu sawasawa kitu kilichokuwa kinaharibika kwa sababu nakihesabu.

Halafu nikaanza kupatana kama sokoni. Nikaomba miezi sita ya dawa mpya. Daktari akasema mguu si gunia la alizeti, miwili inatosha. Nikasema fangasi mwenyewe amekaa bure miaka yote, leo ndiyo ana haraka? Tukafika mitatu, na mimi nisiguse karatasi.

Mama alikataa kurudi kwangu. Ana nyumba yake ya tembe, kuta nene, udongo juu, ambayo kwa miaka namsihi aibomoe nimwezekee bati. Dawa ikaingia chumba cha ndani, kwenye sanduku la nguo, mbali na mtungi: baridi, na pakavu. Kuhusu bati hakusema neno. Alifunga sanduku, akafundika ufunguo kwenye pindo la kanga, akanitazama. Ijumaa nilikwenda kuhesabu karatasi tupu.

Mwezi wa tatu daktari alipima uvimbe kwa utepe. Ulikuwa umepungua, na matundu mawili kati ya matatu yamefunga. Akasema kisu kikae kwanza, dawa iendelee.

"Pima tena," nikamwambia.

Mama alikuwa ameshavaa kandambili. "Amepima," akasema, akatangulia mlangoni kwa miguu yake yote miwili.