Fundi wa Maspika Ashika Besi

Mie ndiye ninayetengeneza maboksi ya spika Kiwalani, na nikisema ndiye, simaanishi mmoja wao. Ukiwa Gongo la Mboto ikapigwa singeli, ule muziki wa mbio wa uswahilini, mpaka sufuria zikahama kabatini, ujue boksi hilo limetoka mikononi mwangu. Niliishia darasa la saba. Baba yangu, mchonga vinyago aliyetoka Kusini, alinirithisha patasi mbili na jicho la kuona mbao inataka nini. Mengine yote nimejifundisha mwenyewe. Kwa hiyo binti yangu aliponiletea gitaa la besi lenye shingo iliyoachia, sikuona cha kunitisha.

Binti yangu amesoma mpaka chuo kikuu, na Jumamosi anaimba roki na wenzake wawili, mpiga gitaa na mpiga drams, huko Madale. Roki! Mtoto wa Kiwalani. Mpiga besi wao alikuwa amepata kazi Dodoma, akawaachia gitaa lake bovu, nao walikuwa na onyesho Kinondoni mwezi uliofuata.

Nikalitia gundi, nikalibana siku mbili, likawa zima kuliko lilivyotoka kiwandani.

"Mtu wa kulipiga mmepata?" nikamuuliza.

"Bado, baba."

"Mmepata."

Alicheka mpaka akakaa juu ya plaiwudi ya mteja. Alipoona mie sicheki, akajifuta macho.

"Baba, hii siyo mbao."

"Mbao nayo nilianza siijui."

"Haya. Wimbo mmoja, wiki tatu. Ukija mazoezini ukachemka, tunatafuta mwingine. Na nyumbani hakuna kununa."

Nikubali ukweli: si huo wimbo niliokuwa nautaka. Tangu aingie chuo, mazungumzo yetu yalikuwa yamebaki shikamoo, umekula, umeme umeisha. Nilitaka tuwe na kitu kimoja tunachokifanya mie na yeye, na nilikuwa nimekipata.

Akanirushia wimbo kwenye simu, wimbo mkongwe wa Wazungu wenye kelele tamu. Nikaisimamisha simu juu ya benchi la kazi, nikaanza kuiwinda besi. Nimekulia kwenye muziki wa dansi, na kwenye dansi besi inaongea. Inapanda, inashuka, inajibizana na mwimbaji. Sasa kwenye ule wimbo nikasikia kitu kinapanda na kushuka. Nikasema, wewe hapo, nimekukamata. Kilikuwa kinakaa juu sana, ikabidi niende mwisho kabisa wa shingo ya gitaa, kwenye uzi mwembamba, vidole vimebanana kama kuku kwenye tenga.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "besi gani hii inalia kama mbuzi aliyenyimwa majani?"

"Roki ndivyo ilivyo, mke wangu."

"Haya. Mchinje basi tupumzike."

Wiki tatu zilipoisha nilikuwa naupiga bila kukosea hata mahali pamoja. Mtu wa kawaida angechukua miezi, nakuambia.

Mazoezi yao yalikuwa kwenye stoo ya nyumbani kwa mpiga gitaa, kijana mwembamba wa Kiarabu, familia yao wana maduka ya vitambaa tangu enzi za babu. Wakanisalimia vizuri, nikachomeka gitaa, drams zikahesabu, nikaachia. Nilifumba macho kwa utamu. Nilipoyafumbua, napiga peke yangu.

"Mzee," yule kijana akasema, "shikamoo tena."

"Marahaba."

"Hicho unachopiga ndicho changu. Hiyo ni sehemu ya gitaa, siyo ya besi."

"Basi wewe tafuta kingine."

Mpiga drams aliangusha fimbo kwa kucheka. Nikabishana nao, naam, nilibishana. Nikawaambia nimeisikia besi kwa masikio yangu haya. Binti yangu hakucheka wala hakubisha. Alikuwa ameinamia simu yake, na nilijua anachotafuta humo: namba ya mpiga besi mwingine.

Yule kijana alichomeka wimbo kwenye maboksi mawili yaliyokuwa pembeni, maboksi niliyowatengenezea mie mwenyewe mwaka jana, akaongeza sauti. Ikaja. Haikuja masikioni, ilikuja kwenye nyayo. Kitu kizito, kimetulia, kinagonga palepale, palepale, kisha kinahama kidogo na kugonga tena. Wiki tatu hizo zote sikuwahi kukisikia, kwa sababu kispika cha simu hakina kifua cha kutoa besi. Na mteja akija kulijaribu boksi langu kwa kulilinganisha na simu, mie huwa namfukuza! Mie! Nilikaa juu ya ndoo, nikacheka mpaka mbavu zikauma, na wao wakapata ruhusa ya kucheka.

"Onyesho ni Jumapili ijayo, baba," binti yangu akasema. Simu bado ilikuwa mkononi.

"Nipe mpaka Alhamisi."

Akamtazama mpiga gitaa. "Mpe mzee," yule kijana akasema. Simu ikaingia mfukoni.

Safari hii nilijifunza kwenye boksi kubwa kuliko yote karakanani. Mama anayekaanga chapati nje akauliza mbona singeli ya leo haichangamki. Besi yenyewe ilikuwa na sauti nne tu. Unapiga mara nane mahali pamoja, ndipo unahama. Mtoto angeweza. Ila vidole vyangu havikutaka. Kila nikifika mara ya tano vinachomoka kwenda kutembea, dansi imo mwilini. Siku nzima ya Jumatatu nilishindwa kuvituliza.

Jumanne nikawa nafunga boksi la mteja. Boksi la spika, skrubu zake lazima ziachane vidole vinne, vidole vinne, mzunguko mzima. Ukibananisha hapa na kuruka pale, linakoroma. Nikaiweka chini bisibisi, nikachukua gitaa, nikaanza kupiga kama nafunga skrubu. Moja, nyingine, nyingine. Nani kasema roki ni ngumu? Alhamisi nikapiga mwanzo mpaka mwisho, na binti yangu akasema maneno matatu: "Sawa. Usiongeze kitu."

Jumapili alasiri, kwenye ua wa ukumbi mmoja Kinondoni, watu walijaa. Kiwalani nzima nilikuwa nimeitangazia, kwa hiyo mafundi wenzangu walikuwa mbele kabisa, wamevaa kama wanakwenda kuposa. Katikati ya wimbo gitaa linanyamaza, zinabaki drams na besi na sauti ya binti yangu. Hapo wakaanza.

"Fundi, changanya!"

"Tuonyeshe, fundi! Tumetoka mbali!"

Wallahi vidole viliwasha. Nilijua cha kufanya, kitu kimoja kidogo cha dansi, uwanja mzima ungenigeukia. Nikamwangalia binti yangu. Alikuwa amefumba macho, anapanda kwenye sauti ya juu kabisa, na nikaona anasimama juu ya ninachopiga kama mtu anavyosimama juu ya sakafu. Nikafunga skrubu. Nyingine. Nyingine. Akafika juu, akakaa huko, uwanja ukalipuka. Kwa ajili yake, si kwa ajili yangu.

"Sasa fundi," mwenzangu akaniambia baadaye, "mbona kitu kimoja tu muda wote?"

"Ungeweza wewe?" nikamjibu.

Nilikuwa nakunja waya nyuma ya jukwaa niliposikia dada mmoja anamuuliza binti yangu yule mzee ni nani. Nikasubiri aseme ni baba.

"Huyo? Mpiga besi wetu," akasema, kisha akageuka kwangu. "Baba, shika upande huo wa boksi, tupakie. Na Jumamosi mazoezi saa nne, usichelewe."

Boksi lile ni zito, nayajengaga yote hivyo makusudi. Tukalibeba wawili.